Pazia likijifungua lenyewe, jirani atajuaje kama Mama ameamka?

Pale kwetu Panzi, mjini Bukavu, watu wa avenyu moja hawana lazima ya kupigiana simu asubuhi ili kujua nani ameamka salama. Wanaangalia madirisha. Rido ya mama fulani ikiwa wazi saa kumi na mbili na nusu, basi ameamka. Ikifika saa mbili bado imefungwa, mtu anagonga mlango: "Mama, iko namna gani leo?" Hakuna shefu wa avenyu aliyeweka sheria hiyo. Tumeikuta, tunaishi nayo, na kwa sababu inafanya kazi kila siku, hatuifikirii.

Mimi nilianza kuifikiria siku iliposhindwa, katika nyumba ya mama mkubwa, dada ya mama yangu.

Mama mkubwa ana miaka 71 na ni mjane. Mtoto wake wa kwanza, yaya yetu anayefanya kazi Ubelgiji, ndiye aliyetengeneza upya nyumba yake: bati, simenti, madirisha ya alumini. Mwisho wa kazi akatuma mapazia sita ya mota. Kwa wale ambao hawajayaona: ni kitambaa kigumu kilichozungushwa kwenye bomba juu ya dirisha, na ndani ya bomba kuna mota ndogo. Unabonyeza telekomande, au unagusa telefone, kitambaa kinapanda au kinashuka. Unaweza pia kuyapangia saa, yajifungue asubuhi na kujifunga jioni bila mtu kuyagusa. Yaya aliyapangia yajifungue saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wa avenyu walikuja kuangalia, na sisi watu wa familia tulijivuna kidogo.

Usiku mmoja mjukuu anayeishi naye alikuwa amekwenda kwenye matanga, kule Kabare. Saa kumi za usiku Mama mkubwa akaamka kwenda chooni, akateleza, akaanguka kwenye simenti. Nyonga ikavunjika. Telefone ilikuwa kitandani. Saa kumi na mbili asubuhi mapazia ya sebule yakapanda yenyewe, polepole, bila kelele, kama kila siku.

Mama anayeuza sambaza akapita saa moja. Aliita langoni mara mbili, akaona dirisha wazi, akaendelea na njia yake. Baadaye alituambia huku akilia: "Niliona pazia iko wazi, nikasema Mama amekwenda misa." Jirani wa mbele naye aliona dirisha wazi. Na kule Ubelgiji, telefone ya yaya ilimwandikia kwamba mapazia ya sebule yamefunguka, akaenda kazini na moyo mweupe. Mama mkubwa alipatikana saa tano, mjukuu aliporudi. Alikuwa amelala chini kwa saa saba.

Alipona. Leo anatembea na fimbo. Lakini familia yetu ilikaa kikao kirefu juu ya mapazia yale, na wengine walitaka yang'olewe siku ileile. Mimi sikukubali nao. Mashine haikukosea, ilifanya vile ilivyopangiwa. Sisi ndio tuliokosa kuuliza swali moja kabla ya kununua: pazia hili likifunguka, nani amelifungua?

Naandika haya kwa sababu vitu hivi vinazidi kuingia mjini. Ndugu zetu walio nje wanavituma, wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na China wanavirudisha katika mizigo, na kila anayejenga Muhumba au Nguba anataka nyumba ijiendeshe. Sina ubaya na hilo. Lakini maoni yangu ni haya, na nayasema waziwazi: dirisha linaloangalia barabara lifunguliwe na mkono wa mtu anayelala ndani ya nyumba. Madirisha mengine yanaweza kupata mota, kwa sharti moja, kwamba aliye ndani aweze kuyafungua bila telefone, bila mega na bila umeme wa mji.

Tuanze na haki ya mota, maana ipo. Mama mkubwa ana bega linalouma na dirisha la ngazi liko juu. Zamani alikuwa anapanda kiti ili avute rido, na kiti kwa mtu wa umri wake ni hatari kuliko mota yoyote. Tena kuna watoto. Mapazia ya kukunja ya zamani yana kamba au mnyororo unaoning'inia, na mtoto mdogo anaweza kuuzungusha shingoni akacheza mpaka akanyongwa. Si maneno ya kutisha watu. Marekani, kwa vifo vya namna hiyo, kanuni ya mwisho wa 2018 ilitaka mapazia yanayouzwa tayari dukani yawe bila kamba ambayo mtoto anaweza kuifikia. Pazia la mota halina kamba. Hiyo ni faida ya kweli, na mwenye watoto wadogo aiweke mbele katika hesabu yake.

Lakini faida nyingine zinazoandikwa kwenye katoni zilifikiriwa kwa ajili ya nchi nyingine. Wanasema pazia linafuata jua lenyewe kwa mwaka mzima. Kule Ubelgiji hilo lina maana: mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne za usiku, na mwezi wa kumi na mbili linazama kabla ya saa kumi na moja za jioni. Sisi hapa, karibu na ikweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, Januari mpaka Desemba. Wanasema pia linapunguza gharama ya kupasha nyumba moto. Ni nani hapa Bukavu anayelipa gharama hiyo? Ndugu wa Kinshasa wenye joto kali na mashine za kupoza hewa wanaweza kuhesabu faida hapo. Sisi tunavaa triko.

Na saa yenyewe ina hadithi. Kabla ya ajali ile, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, mapazia ya Mama mkubwa yalikataa kufunguka saa kumi na mbili. Yalifunguka saa moja. Mjukuu alidhani yameharibika, na Mama mkubwa akachelewa misa ya kwanza kwa sababu ya giza. Kilichotokea ni kwamba Ulaya walirudisha saa nyuma usiku ule, kama wanavyofanya kila mwaka, na programu ilikuwa imepangwa kwa saa ya Ubelgiji. Sisi haturudishi saa. Anayepanga kutoka mbali ahakikishe programu imeandikiwa mji ambamo nyumba iko. Na mimi naongeza: ilikuwa alama ya kwanza kwamba nyumba ya mama yetu inaendeshwa na saa ya mtu mwingine. Tuliicheka, hatukuisoma.

Sasa umeme. Bukavu inapata umeme wake hasa kwenye mto Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapotoka. Ruzizi ya Kwanza ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi ya Pili ni ya 1989. Tangu hapo mji umepanda milima yote, na plastiki tunazotupa ziwani zinakwenda kuziba njia ya maji pale kwenye mashine. Kila mtu anajua kinachofuata: delestaje, kisha umeme unarudi kwa nguvu mpaka taa zinapasuka. Ukinunua kitu kinachokula umeme, anza na hapo.

Mota ziko za aina tatu. Ya kwanza inafungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, volti 220. Ina nguvu, inabeba pazia kubwa, lakini umeme ukikatika pazia linabaki pale lilipo. Mota hizi zina breki ndani. Ukivuta kitambaa kwa mkono unaweza kukipasua au kuharibu mota. Ya pili inatumia volti ndogo, 12 au 24, kupitia adapta. Hiyo inafaa nyumba yenye sola na batri kubwa, ila na yenyewe inakufa kama hakuna batri. Ya tatu ina batri yake ndogo ya litiamu ndani ya bomba. Unaichaji kama telefone, na kwa matumizi ya kawaida inakaa miezi kabla ya kuomba chaji tena. Nyingine zinapokea kipande cha sola kinachobandikwa nyuma ya kioo.

Kwa nyumba ya hapa, mimi nachagua ya tatu bila kusita. Haipigwi na umeme unaorudi kwa hasira, haitaki kutoboa ukuta kupitisha nyaya, na delestaje haiijui. Anayeshikilia ya 220 aweke stabilizateri nzuri mbele yake, na amuulize muuzaji kama ina njia ya kuifungua kwa mkono, kwa mfano manivela. Kama hakuna, pazia hilo lisiende kwenye chumba cha mzee wala cha mgonjwa.

Baada ya umeme, uliza namna pazia linavyopokea amri. Sisi watu wa redio hili tunalielewa haraka. Telekomande ya kawaida inatuma sauti yake yenyewe hewani, mota inaisikia, basi. Haina haja ya mega wala ya seva iliyo nchi nyingine. Telefone ni jambo tofauti. Kwa mapazia mengi ya Wi-Fi ya bei ndogo, ukigusa telefone ukiwa sebuleni, amri inatoka nyumbani, inakwenda kwenye kompyuta ya kampuni huko mbali, ndipo inarudi kwenye dirisha lililo metre mbili mbele yako. Mega zikiisha, au intaneti ikikatwa, unabaki unaangalia kitambaa. Na kampuni ikifunga milango yake, telefone yako haitafungua kitu tena.

Kwa hiyo usikubali pazia lisilo na telekomande, hata ukiahidiwa mambo gani. Ukitaka na telefone juu yake, uliza kama inaweza kuzungumza na pazia ndani ya nyumba bila intaneti. Tangu 2022 kuna lugha ya pamoja ya vifaa vya nyumbani inayoitwa Matter, ambayo ilitengenezwa ili vitu vya kampuni tofauti visikilizane palepale nyumbani. Alama yake ikiwa kwenye katoni, ni dalili nzuri. Angalia pia kisanduku chako cha Wi-Fi: vifaa vingi vya namna hii vinasikia gigahezi 2.4 tu, havisikii 5. Fundi mmoja alihangaika kwetu nusu siku kwa sababu hiyo peke yake.

Halafu kuna upimaji, ambapo watu wengi wanapoteza pesa. Kuta zetu haziko sawa, tusidanganyane. Kama pazia litakaa ndani ya shimo la dirisha, pima upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, na utume kipimo kidogo kuliko vyote. Ukituma kikubwa, bomba halitaingia, na kulikata si kazi ya msumeno wa jikoni. Kama litakaa nje ya shimo, juu ya ukuta, ongeza sentimetre 5 mpaka 10 kila upande ili mwanga usipenye pembeni. Angalia mshikio wa dirisha na antivoli. Nyumba nyingi zetu zina antivoli upande wa ndani, na kitambaa kikishuka kinagonga chuma na kuchanika baada ya wiki chache. Dirisha linalofungukia ndani nalo litagombana na pazia kila siku.

Wakati wa kufunga, fundi atumie nivo. Bomba likiinama kidogo tu, kitambaa kinajikunja upande mmoja na kuliwa ukingoni. Shevili ziwe za kufaa tofali lako, maana bomba, mota na kitambaa ni uzito, na chini yake kuna kitanda cha mtu. Kabla hajaondoka, apange mota isimame wapi juu na wapi chini, na akufundishe wewe kulifanya. Na tundu la kuchajia liwe mahali ambapo waya mrefu unafika bila mtu kupanda kiti. Kwa Mama mkubwa tundu hilo liliwekwa juu kabisa. Tulimwondolea kiti cha kufungua rido, tukamrudishia kiti cha kuchaji mota.

Mwisho wa kuchagua ni jambo ambalo hakuna muuzaji atakuambia: akaunti ni ya nani? Anayeshika neno la siri ndiye mwenye madirisha. Yaya yetu alikuwa na programu peke yake, huko Ubelgiji. Siku moja alifunga mapazia yote saa nane mchana, kwa sababu alisoma kwamba mvua kubwa inakuja Bukavu. Mama mkubwa alikuwa anachambua maharagwe. Akakaa gizani mpaka mjukuu aliporudi shuleni na kuikuta telekomande juu ya kabati. Aliponisimulia alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, mi nilizaa ule mutoto, lakini sasa ni yeye ananiambia jua imetoka ao haijatoka."

Neno hilo liko moyoni mwangu mpaka leo. Tunapotuma vitu nyumbani tunataka kutunza wazazi wetu. Upendo ule ni wa kweli, na pesa ile ilitoka jasho. Lakini kutunza mtu na kumfungulia dirisha lake bila kumwuliza ni mambo mawili. Mzee anayeamka, anayevuta rido yake, anayeangalia kilima cha mbele na kusema leo kuna ukungu, amefanya kazi yake ya kwanza ya siku. Ukimwondolea hiyo, umwonyeshe utamrudishia nini.

Najua wengine watajibu: weka kamera, weka saa ya mkononi inayopiga simu mtu akianguka. Sikatai. Saa ya namna hiyo inaweza kuokoa maisha, kama imechajiwa na kama mtandao upo. Kamera, mimi naona aibu kuiweka chooni kwa mama yangu, na ni pale alipoanguka. Lakini hata zikifanya kazi zote, fikiria nani atakuja. Yaya yuko umbali wa ndege mbili. Mama wa sambaza yuko hatua ishirini kutoka langoni. Alikuwa pale saa moja asubuhi, aliita, alikuwa tayari kusaidia, na alipewa habari ya uongo na dirisha letu.

Wengine watasema pia kwamba pazia linalojifungua linadanganya wezi, wakafikiri mtu yupo wakati nyumba ni tupu. Ndiyo, ndivyo linavyouzwa. Lakini kumbuka kwamba kinachodanganya mwizi kinadanganya na jirani. Ukisafiri, pangia saa, na umwambie jirani kwamba umesafiri. Ukirudi, ifute programu ya dirisha la mbele siku hiyohiyo.

Mapazia ya Mama mkubwa hatukuyang'oa. Vyumba vya kulala na ngazi bado vina mota. Programu za saa zote zilifutwa, na yaya mwenyewe ndiye alizifuta, bila kubishana. Telekomande ina kamba, imefungwa kwenye kichwa cha kitanda, na mjukuu anachaji mota kila mwanzo wa trimestri. Tundu la chaji tulilipatia waya mrefu unaoshuka mpaka kwenye urefu wa mkono.

Dirisha la sebule, lile la barabarani, lina rido ya kitambaa ambayo Mama mkubwa alichagua mwenyewe soko la Kadutu, ya njano yenye maua. Bomba lake ni la chini, anaivuta akiwa amesimama na fimbo yake. Wiki iliyopita nilipita saa kumi na mbili na nusu, nikielekea redioni. Rido ilikuwa bado imefungwa. Mama wa sambaza alikuwa amekwisha kutua beseni lake langoni na alikuwa anagonga kwa nguvu. Sauti ikatoka ndani: "Naamka, naamka! Leo nimelala sana." Rido ikafunguka, nusu, kisha yote. Mama wa sambaza akanigeukia, akasema tu: "Iko," akabeba beseni lake, akaendelea.